Stadi za Uundaji za Kujitungia

Stadi ya uundaji ya kujitungia ni sehemu ya kanuni inayotungwa na wachezaji wenyewe ili mhusika wao aweze kuunda kitu ndani ya mchezo wa njozi wa mezani, pale ambapo kitabu rasmi hakisemi lolote au kinasema kidogo mno. Michezo ya aina hiyo ilianza kuchapishwa mwaka 1974, Gary Gygax na Dave Arneson walipotoa Dungeons & Dragons nchini Marekani. Mwendesha mchezo husimulia ulimwengu, kila mchezaji huigiza mhusika mmoja, na jambo lenye mashaka huamuliwa kwa dadu, mara nyingi yenye pande 20.

Kwa Kiingereza kanuni za kujitungia huitwa homebrew, neno lililotokana na pombe inayopikwa nyumbani. Tafsiri inayokuja haraka ni kanuni za kienyeji, na kwa upande mmoja inafaa sana, maana kuku wa kienyeji na pombe ya kienyeji ni vitu vya mahali, visivyotoka kiwandani. Lakini Mtanzania akisema kazi imefanywa kienyeji, analalamika kwamba utaratibu haukufuatwa. Istilahi haipaswi kuidharau kazi inayoitaja. Kutunga hutumika kwa sheria, mashairi na mitihani, na ndani yake mna kupanga kwa makusudi, kwa hiyo kujitungia hutoshea vizuri zaidi.

Uundaji nao umechaguliwa mbele ya ufundi na utengenezaji. Fundi baiskeli wa Kasulu, magharibi mwa Tanzania, hutengeneza baiskeli kwa maana ya kuikarabati. Mwenye kuunda hupata kitu ambacho hakikuwapo. Stadi, tofauti na kipaji, hupatikana kwa kujifunza, na mchezo huipima kwa nyongeza ya namba juu ya dadu.

Ugumu wa kutunga stadi hizi umo katika mipaka. Kitabu cha wachezaji cha Dungeons & Dragons cha mwaka 2014 kiliweka mpaka kwa bei: fundi mmoja hukamilisha kazi yenye thamani ya sarafu 5 za dhahabu kwa siku, na mali ghafi hugharimu nusu ya bei ya kitu. Vazi zima la mabamba ya chuma, lenye bei ya sarafu 1,500, huchukua siku 300. Kanuni hiyo hulinda uchumi wa mchezo, lakini haisemi chochote kuhusu kazi yenyewe: kufua chuma, kushona ngozi na kuchonga upinde huwa jambo moja la kuhesabu siku. Mtungaji hufanya vyema kuanza na kazi halisi, kuuliza inakwamia wapi, na kuuweka mpaka hapohapo.

Misitu ya miombo ya Kibondo na Kasulu ina mfano mzuri. Mzinga wa magome huundwa kwa kubandua gome la mti katika umbo la bomba, kuziunga kingo zake kwa vijiti, kuziba ncha mbili na kuutundika mtini hadi nyuki wahamie. Gome hubanduka kwa urahisi wakati wa mvua, mti ukiwa na utomvu mwingi. Na mti uliobanduliwa gome kuzunguka shina lote hufa. Hapo stadi imeshapata masharti mawili ambayo bei isingeyaonyesha: msimu, na mti mmoja kwa kila mzinga. Kundi la wahusika linaloishi miaka mingi katika eneo moja litaona msitu ukipungua kwa mikono yao wenyewe, na hadithi huanzia hapo. Mzinga wa mbao hauui mti kwa namna hiyo, lakini huhitaji msumeno, misumari na seremala.

Kurina asali ndiko kwenye hatari ya kweli. Warinaji hupanda usiku wakiwa na moshi, na nyuki wakivurugwa sana huweza kuuhama mzinga. Dadu irushwe hapo, na mara moja tu. Watungaji wengi hudai dadu katika kila hatua, na hesabu huwaumbua: mrinaji mwenye nyongeza ya 5 anayelenga 15 hufanikiwa kwa nyuso 11 kati ya 20, yaani asilimia 55, lakini akitakiwa kufaulu mara tatu mfululizo, nafasi yake hushuka hadi asilimia 17 hivi. Stadi ya namna hiyo hakuna atakayeichagua. Tena kushindwa kuwe na sura yake: asali kidogo na kundi la nyuki lililohama ni matokeo yanayosimulika kuliko kuambiwa hakuna kilichotokea.

Chumvi ya Uvinza, kusini mwa Kasulu, huonyesha kazi isiyohitaji dadu kabisa. Chemchemi za maji ya chumvi karibu na mto Malagarasi zimetumika tangu karibu karne ya 5, na watu walikusanyika kiangazi kuyachemsha hadi chumvi ibaki. Mwenye chungu, maji na moto hupata chumvi kwa uhakika. Kinachombana ni kuni, kwani kila msimu hufuatwa mbali zaidi, pamoja na mtawala anayedai sehemu yake. Watawala wa Uvinza walitoza ushuru wa chumvi hiyo. Mwendesha mchezo anayeiweka hadithi yake katika falme za Waha, wenyeji wa eneo hilo, kama Heru ya Kasulu au Muhambwe ya Kibondo, anaweza kuifanya ruhusa ya mwami, yaani mtawala, kuwa sharti la stadi sawasawa na kuni.

Njozi huingia baada ya mipaka kukaa sawa. Asali inayofunga jeraha papo hapo, au chumvi inayozuia mizimu kuvuka kizingiti, hulinganishwa na nguvu ambazo mchezo tayari huwapa waganga wa kiwango hichohicho. Ikizidi, huongezewa msimu, kuni au hatari, na kupandisha bei huwa njia ya mwisho.

Katika maandishi, stadi huanza kwa jina lenye kitenzi, kama Kurina Asali ya Usiku, kisha zana, mali ghafi, msimu, muda, shabaha ya dadu kama ipo, mavuno, na hasara ya kushindwa. Tangu Januari 2023 kanuni za msingi za toleo la tano la Dungeons & Dragons zimewekwa chini ya leseni huria ya Creative Commons, kwa hiyo stadi iliyotungwa juu yake inaweza kuchapishwa na hata kuuzwa kwa Kiswahili, mradi chanzo kitajwe.