Zamu Hufungwa na Anayeipokea

Katika wodi za ukanda wa chai nchini Kenya, kuanzia Hospitali ya Misheni ya Kaplong karibu na mji wa Sotik hadi Tenwek, iliyoanzishwa na wamisionari mwaka 1937, wauguzi hukabidhiana wagonjwa kila zamu inapobadilika. Aliyekesha hutoa ripoti: nani amelazwa usiku, dripu ya nani inakaribia kwisha, damu ya nani iko maabara na majibu hayajarudi. Tumezoea kuipima ripoti hiyo kwa ufasaha wa anayeitoa. Nashikilia kwamba ipimwe kwa anayeipokea.

Wanandi, ndugu wa Wakipsigis wa Sotik, walikuwa na saket-ap-eito, sherehe ya kukabidhiana ulinzi wa nchi baina ya marika. Fahali mweupe alichinjwa. A. C. Hollis, katika kitabu chake cha 1909 kuhusu Wanandi, anaeleza kwamba waliotoka walivua mavazi ya upiganaji wakavaa ngozi za wazee, na walioingia wakaambiwa kuwa usalama wa nchi umo mikononi mwao. Serikali ya kikoloni iliuogopa mkutano huo hata ikaupiga marufuku mwaka 1923 na kumkamata Orkoiyot, kiongozi wa kiroho wa Wanandi, Barsirian arap Manyei.

Marekani nako, jeshi la majini liliutumia katika nyambizi mpangilio wa SBAR, ambao shirika la afya la Kaiser Permanente liliuingiza hospitalini mwanzoni mwa miaka ya 2000: hali ilivyo, historia yake, tathmini, pendekezo. Mpangilio huo humlinda msemaji asisahau. Msikilizaji, hata hivyo, aweza kuitikia kwa kichwa huku mawazo yako kwingine. Mpango wa I-PASS, uliojaribiwa na madaktari wa watoto walio mafunzoni katika hospitali 9 za Marekani na Kanada, ukaongeza hatua ya mwisho: mpokeaji arudie kwa maneno yake alichokabidhiwa. Matokeo ya mpango mzima, yaliyochapishwa 2014, yalionyesha madhara yanayozuilika yamepungua kwa asilimia 30.

Hapo I-PASS na saket-ap-eito vinakutana: dhamana haijahama mpaka mpokeaji aibebe waziwazi.

Tofauti nazo zina somo. Sherehe ilitaka umati. Wodi inataka faragha. Mzee wa Kipsigis hastahili habari za mkojo wake zitangazwe mbele ya wodi nzima na muuguzi wa umri wa mjukuu wake. Zisemwe kwenye meza ya wauguzi, kisha wote wawili waende kitandani kumwamkia na kukagua dripu na kidonda. Tena, marika yalikabidhiana baada ya miaka mingi, uzito wa makabidhiano ukaonekana wenyewe. Zamu hubadilika kila siku, na mazoea huufuta uzito huo.

Kwa hiyo aliyekesha asiondoke kabla mwenzake hajayataja kwa kinywa chake yaliyobaki: sindano ya saa nne, majibu ya maabara, presha ya kupimwa tena. Kwa dakika hizo chache, aliyechoka anakwenda kulala akijua kazi yake ina mwenyewe, na mgonjwa anampata muuguzi anayemjua tangu zamu inapoanza.