Anga la Mwanza: Historia ya Kutazama Nyota Kando ya Ziwa Victoria

Mji wa Mwanza umejengwa kwenye milima ya mawe inayozunguka ukingo wa kusini wa Ziwa Victoria, kiasi cha nyuzi 2.5 kusini mwa ikweta, na mahali hapo pameupa anga lenye utajiri usiopatikana katika nchi nyingi. Mtu aliye kwenye ncha ya kaskazini ya dunia huona nusu tu ya nyota zote, kwa kuwa nusu ya pili haimchomozei kamwe, ilhali aliye karibu na ikweta huziona karibu zote kwa zamu katika mwaka mmoja. Jioni za Aprili na Mei, Msalaba wa Kusini husimama upande mmoja wa anga la Mwanza na nyota saba za kundi la Dubu Mkubwa husimama upande wa pili. Historia ya kulitazama anga hili, hata hivyo, haikuanza na darubini, bali ilianza na kazi za watu.

Kwa wakulima wengi wa Afrika Mashariki, kalenda ya kwanza ilikuwa Kilimia, kishada cha nyota ndogo zilizosongamana. Kilimia hupotea katika mwanga wa machweo mwezi Mei, masika yanapoisha, kikaonekana tena alfajiri mwezi Juni, na ifikapo Novemba huchomoza jua linapotua, katika majira ambayo mvua za vuli huwakuta wakulima wa kanda ya ziwa mashambani. Aliyekifuatilia kwa miaka michache alijua msimu umefika wapi, bila kalenda ya karatasi.

Matumizi mengine ya nyota yaliletwa na wapelelezi wa Kizungu. John Hanning Speke, aliyesafiri kutoka Kaze, karibu na Tabora ya leo, pamoja na Sidi Mubarak Bombay, alifika Mwanza tarehe 3 Agosti 1858. Wasafiri wa wakati huo walitafuta latitudo, yaani umbali wa mahali kutoka ikweta, kwa kupima kimo cha nyota inapofika juu kabisa katika njia yake, kisha wakakilinganisha na majedwali ya wanafalaki. Kipimo cha namna hiyo kiliweza kuonyesha ukingo wa kusini wa ziwa uko wapi, lakini hakikuweza kusema ziwa limeenea kiasi gani kuelekea kaskazini, na ndiyo maana Richard Burton, mwenzake wa msafara, aliyapinga madai ya Speke kwamba ziwa hilo ndilo chanzo cha Nile. Ilibidi Henry Morton Stanley aondoke Kageyi mwezi Machi 1875 kwa mashua ya Lady Alice na kulizunguka ziwa ndipo ikathibitika kuwa ni ziwa moja kubwa.

Desturi iliyodumu zaidi, hata hivyo, ni ya wavuvi wa dagaa, ambao hugawa mwezi katika siku za giza na siku za mbalamwezi. Katika giza, taa huelea majini. Zamani zilikuwa karabai za mafuta ya taa, na sasa nyingi ni za sola. Mwanga wake huwavuta dagaa, nao huzungushiwa wavu. Mwezi unapokuwa mpevu, mwanga hutapakaa juu ya maji yote, dagaa hawakusanyiki penye taa, na wengi hukaa nchi kavu wakishona nyavu. Kwa kuwa mwezi huchelewa kuchomoza kwa wastani wa dakika 50 kila siku, baada ya mwezi mpevu giza la jioni hurefuka usiku hadi usiku, na mvuvi huipanga safari yake kwa hesabu hiyo. Hata wadudu wa ziwa wana hesabu hiyo: mwaka 1955 R. Hartland-Rowe alichapisha utafiti kutoka Jinja ulioonyesha kwamba mdudu aitwaye Povilla adusta hutoka majini kwa makundi makubwa zaidi takriban siku mbili baada ya mwezi mpevu.

Enzi ya vyombo vya anga nayo iliigusa Afrika Mashariki mapema. Kituo cha Marekani kilichokuwa Zanzibar kilifuatilia safari ya mwanaanga John Glenn ya Februari 1962, na tarehe 12 Desemba 1970 setilaiti ya Uhuru, ya kwanza kutengenezwa mahsusi kwa kuchunguza miale ya eksirei kutoka angani, ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco karibu na Malindi. Leo vijana huzunguka kati ya nyota katika michezo ya video, na mmojawapo wa michezo hiyo, Elite Dangerous wa mwaka 2014, umeweka nyota halisi kama Sirius na Betelgeuse mahali pake. Kijana wa Mwanza aliyezizoea nyota hizo kwenye skrini anaweza kuanza kuzitafuta katika usiku wa giza mwezi Januari au Februari, mbali na taa za mji, akiyapa macho kama dakika 20 kuzoea. Nyota tatu za mkanda wa Orioni humpitia karibu kabisa na utosi, na Betelgeuse nyekundu iko upande wa kaskazini wa mkanda huo. Mchezo humpa majina na shauku, lakini mwendo wa anga kwa majira hujifunzwa kwa kurudi nje usiku baada ya usiku, kama walivyofanya wakulima na wanavyofanya wavuvi, na kwa hiyo mwalimu wake wa kwanza anastahili kuwa mvuvi wa dagaa wa mwalo ulio karibu.