Hatua Nne za Ottawa

Mwanzoni mwa miaka ya 1990, aliyefika idara ya dharura nchini Kanada akiwa ameumia kifundo cha mguu alikuwa karibu na hakika ya kupigwa picha ya eksirei. Waliokutwa wamevunjika mfupa hawakufika 15 katika kila 100. Waliobaki walikaa foleni, wakapigwa mionzi, wakaambiwa mfupa ni mzima. Mara nyingi daktari alikuwa ameshahisi hivyo, ila hakuwa na ushahidi wa kumtetea.

Ian Stiell, daktari wa dharura mjini Ottawa, aliutafuta ushahidi huo pamoja na wenzake. Kwa wagonjwa 750, madaktari walipima dalili 32 kwa utaratibu mmoja, kisha dalili hizo zikalinganishwa na picha. Kanuni iliyotokana nazo, ya kuamua nani apigwe picha, ilichapishwa mwaka 1992. Uvimbe, unaowatisha wengi, haumo.

Daktari hubonyeza ukingo wa nyuma wa nundu za kifundo, ya ndani na ya nje, kuanzia ncha hadi sentimita 6 juu. Kwenye wayo hubonyeza kitako cha mfupa unaoshika kidole kidogo, na mfupa wa navikula upande wa ndani. Kisha humwomba mgonjwa atembee hatua nne. Hata akichechemea, hatua zinahesabika. Mfupa ukiuma ukibonyezwa, au mgonjwa akiwa alishindwa kukanyaga tangu alipoumia na bado anashindwa, apigwe picha.

Stiell hakuridhika. Mwaka 1993 kanuni ilirekebishwa, kigezo cha umri wa miaka 55 kikaondolewa, kisha ikajaribiwa kwa wagonjwa wengine 453. Haikukosa hata mvunjiko mmoja uliohitaji tiba. Mwaka uliofuata, hospitali iliyoitumia ilipunguza picha za kifundo kwa asilimia 28. Walioruhusiwa bila picha walikaa wastani wa dakika 80, wenzao waliopigwa picha dakika 116.

Mwaka 2003 tafiti 27 zilikusanywa, zenye wagonjwa zaidi ya 15,000. Kati ya walioambiwa hawahitaji picha, waliokuwa wamevunjika hawakufika 2 katika 100. Kanuni haimfai mlevi wala aliyekufa ganzi miguuni, na kano zilizochanika bado zinahitaji matibabu. Lakini pale eksirei ilipo mbali au ni ghali, vidole vya daktari aliyefunzwa vyema vinaweza kumpunguzia mgonjwa safari na gharama, na heshima hiyo vimeipata kwa kupimwa.