Hanoi: Mji Unaosomeka kwa Majina ya Mitaa

Mgeni anayeingia mitaa ya kale ya Hanoi, mji mkuu wa Vietnam, hupokewa na pikipiki zinazopita kama siafu. Kando ya barabara hapapitiki kwa vigoda, sufuria za supu na bidhaa. Akitaka kuufahamu mji huu, atazame vibao vya mitaa. Neno moja halikosekani: Hàng, yaani bidhaa. Hàng Bạc ni mtaa wa fedha, Hàng Muối wa chumvi, Hàng Đường wa sukari, Hàng Thiếc wa bati.

Mwaka 1010 mfalme Lý Thái Tổ alihamia hapa, akauita mji Thăng Long, joka lipaalo. Jina la Hanoi lilikuja 1831. Palipo na ikulu hapakosi wanunuzi, hivyo mafundi walitoka vijiji vya bonde la Mto Mwekundu, wa kazi moja wakakaa mtaa mmoja na kujenga nyumba ya ibada ya kumuenzi mwasisi wa ufundi wao. Wenyeji husema "mitaa 36", ingawa imezidi hapo.

Masonara wa Hàng Bạc asili yao ni kijiji cha Châu Khê. Katika karne ya 15 walipewa kazi ya kuyeyusha fedha na kuifanya mikuo ya hazina ya mfalme. Nyumba yao ya ibada, Kim Ngân, ingali pale namba 42.

Kila mfanyabiashara alitaka mlango barabarani, ndiyo maana nyumba ni nyembamba mbele na ndefu kwenda nyuma. Namba 87 Mtaa wa Mã Mây, iliyojengwa mwishoni mwa karne ya 19, iko wazi kwa wageni: duka mbele, ua katikati wa kuingiza mwanga na hewa, jiko nyuma kabisa.

Wafaransa walipoitawala Vietnam walifukia madimbwi, wakajenga soko la Đồng Xuân mwaka 1889 na daraja la chuma, leo Long Biên, lililofunguliwa 1902. Vita dhidi yao vilipolipuka Desemba 1946, wapiganaji walitoboa kuta za nyumba hizo zilizobanana, wakawa wanapita nyumba hadi nyumba bila kukanyaga barabara. Walidumu humo takriban siku 60.

Leo Hàng Đào, uliosifika kwa hariri, unauza nguo za dukani. Lakini Hàng Mã bado unauza vitu vya karatasi vya kuchomea mizimu, na Hàng Thiếc nyundo bado zinalia. Mwaka 2004 mitaa hii ilitangazwa urithi wa taifa, ila tangazo halimlishi fundi. Ukifika, usiishie kupiga picha: nunua japo ndoo ya bati.