Kiini cha Mfumo Endeshi: Sababu ya Simu Nzima Kukosa Masasisho

Simu janja iliyonunuliwa katika maduka ya Makoroboi jijini Mwanza inaweza kuwaka, kupiga picha na kutuma fedha kwa miaka mingi, lakini ikawa haipokei tena masasisho ya usalama. Hali hiyo haitokani na ubovu wa kioo wala betri. Mara nyingi chanzo chake ni programu ambayo mtumiaji haioni, yaani kiini cha mfumo endeshi.

Kiini hugawa kumbukumbu ya simu, hupanga zamu za kutumia prosesa na husimama kati ya programu za kawaida na vifaa vilivyomo ndani ya simu. Mvuvi wa mwalo wa Kirumba anapofungua ramani akiwa ziwani, programu ya ramani haikifikii kipokezi cha GPS moja kwa moja. Ombi lake hupitia kwenye kiini, ambacho huwasiliana na kipokezi hicho kwa kutumia programu ndogo iitwayo kiendeshi. Kamera, kioo cha mguso na redio ya mtandao navyo vina viendeshi vyake. Kiendeshi kikikosekana, kifaa huwa kama hakipo, hata kikiwa kizima.

Simu za Android hutumia kiini cha Linux, kilichoanzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, wakati huo akiwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki nchini Finland. Msimbo wa kiini hicho uko wazi kwa yeyote kuusoma na kuurekebisha. Viendeshi vya simu, hata hivyo, aghalabu huandikwa na mtengenezaji wa chipu kwa ajili ya toleo mahususi la kiini. Mtengenezaji huyo akiacha kuvitunza, kampuni iliyounda simu hubaki na kiini cha zamani, kwa kuwa viendeshi vya awali havifanyi kazi katika kiini kipya bila kurekebishwa. Ndiyo maana simu mbili zinazofanana dukani zinaweza kupishana kwa miaka kadhaa katika muda wa matumizi salama. Mwaka 2017, kupitia Android 8, Google ilitenganisha sehemu ya mtengenezaji wa chipu na sehemu nyingine za mfumo ili kurahisisha masasisho. Tatizo lilipungua, halikwisha.

Kasoro ya kiini ni nzito kuliko ya programu ya kawaida, kwani kiini kina mamlaka juu ya kila kilichomo ndani ya simu, zikiwemo programu za benki.

Yapo pia mambo ambayo sasisho haliwezi kuyatatua. Mwaka 2018 Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) ilinadi masafa ya megahezi 700. Mawimbi ya masafa ya chini namna hiyo hufika mbali zaidi, jambo lenye manufaa kwa maeneo ya visiwa kama Ukerewe na Ukara. Simu ambayo redio yake haikuundwa kuyapokea haitayapokea hata ikiwekewa kiini kipya.

Namba ya utambulisho wa simu, IMEI, nayo imefungamana na redio hiyo, hivyo kubadilisha mfumo endeshi hakuigeuzi. Simu bandia zilizozimwa nchini usiku wa tarehe 16 Juni, 2016 zilitambuliwa kwa namba hiyo. Mnunuzi huiona kwa kubonyeza *#06#, kisha huihakiki kwa kuituma kwa ujumbe mfupi kwenda 15090.

Tarehe ya sasisho la mwisho la usalama na toleo la kiini husomeka katika Mipangilio, sehemu ya Kuhusu Simu. Inafaa kuitazama tarehe hiyo hata kwa simu mpya, maana simu iliyokaa ndani ya boksi nayo huzeeka. Ikiwa imepitwa kwa zaidi ya mwaka mmoja, na simu iliyounganishwa na intaneti haioneshi sasisho jipya, kuna uwezekano mkubwa kwamba mtengenezaji ameacha kuihudumia.