Meli ya Anga Iliyojengwa Upande Mmoja

Kuna meli ya anga iko kwenye jumba la makumbusho la Smithsonian pale Washington. Haijawahi kuruka hata siku moja. Ni mbao, plastiki na mabati. Lakini walipoizindua tena Julai 2016, waliiweka ukumbi mmoja na Spirit of St. Louis, ile ndege Charles Lindbergh alivuka nayo Atlantiki peke yake mwaka wa 1927. Kando yake, chombo cha kutua mwezini kilichoundwa enzi za Apollo.

Najua mtu ameshaanza kuuliza: sasa kitu cha kuchezea kinatafuta nini pale? Tulia, nikupeleke polepole.

Meli yenyewe ni Enterprise, ya Star Trek, kipindi cha televisheni cha Marekani kilichoanza Septemba 1966. Na kabla useme hizi ni stori za watu wengine, kumbuka Uhura, yule afisa wa mawasiliano. Jina lake limetoka kwa neno letu, uhuru. Nichelle Nichols, aliyemwigiza, alisimulia kwamba siku ya kujaribiwa alikuwa amebeba Uhuru, riwaya ya Robert Ruark kuhusu Kenya. Tena kwenye sehemu ya kwanza kabisa kurushwa hewani, Uhura anaongeleshwa Kiswahili. Kwa hivyo hii meli ina harufu yetu kidogo.

Turudi kwa mbao. Michoro ilikuwa ya Matt Jefferies. Kazi ya mikono ilifanywa na mafundi wa karakana moja huko Burbank, California, chini ya Richard Datin, na modeli kubwa ikakabidhiwa mwisho wa Desemba 1964. Urefu mita 3.4. Uzito karibu kilo 90. Hiyo si ya kuweka juu ya kabati, buda. Hiyo inabebwa na watu.

Na hapa ndipo mimi nilipoipenda. Ile meli ilimaliziwa upande mmoja tu. Walipoiongezea taa, nyaya zilibidi ziingie mahali, zikaingilia kushoto. Kamera ikawa inapiga kulia tu. Wakitaka ionekane ikielekea upande mwingine, picha inageuzwa kama kwenye kioo. Na haikuwa inaenda popote! Ilisimama juu ya nguzo yake, kamera ndiyo ilisukumwa kuisogelea. Zile mbio zote za nyota ulizoziona ni kamera kwenye reli. Ule mwanga unaozunguka mbele ya injini? Balbu ndogo za Krismasi na mota.

Yaani ni kazi ya watu wenye bajeti ndogo na akili nyingi.

Sasa sikia hii. Kampuni ya AMT, iliyokuwa ikiuza modeli za magari za plastiki, ilipata ruhusa ya kuuza Enterprise ndogo, ile unanunua kwenye boksi, unaunganisha na gundi nyumbani. Malipo yake? Iliwajengea watu wa Star Trek chombo kidogo cha Galileo, kikubwa kiasi cha waigizaji kusimama kando yake. Halafu mwaka wa 1967 wakahitaji meli nyingine, iliyopigwa ikaharibika, kwa sehemu inayoitwa "The Doomsday Machine". Wakachukua modeli ya dukani ya AMT, wakaichoma choma, na namba ya Enterprise, 1701, wakapanga tarakimu zake upya: 1017. Meli mpya imepatikana.

Umeona hapo? Kitu cha kuchezea kilichonakiliwa kutoka kwa televisheni kimerudi kwenye televisheni kama meli halisi. Kwa hivyo ukimwambia mtu anayeunganisha modeli chumbani kwake kwamba anafanya mambo ya watoto, ujue waliotengeneza kipindi chenyewe walifanya hayo hayo, tena kazini.

Kipindi kilikatwa 1969. Modeli ikawekwa stoo. Smithsonian ilipoipata 1974, vipande vingine vilikuwa vimepotea. Wakairekebisha. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 ikapakwa rangi upya, na mistari mizito ambayo mashabiki wengi waliikataa: hii si ile tuliyoiona. Kuanzia 2000 ikakaa miaka mingi kwenye duka la zawadi la jumba hilo, ghorofa ya chini, katikati ya fulana na vikombe.

Mwaka wa 2014 ndipo ilitolewa ikarekebishwe vizuri. Ikapigwa eksirei. Lengo lilikuwa kuirudisha ilivyokuwa Agosti 1967, si kuifanya ing'ae kama mpya. Lakini ilivyokuwa ni vipi? Jumba likaomba wananchi: nani ana picha aliyoipiga mwenyewe zamani? Watu wakafungua albamu zao. Makumbusho makubwa hivyo, yakategemea picha za mashabiki.

Ndugu yake mdogo karibu apotee kabisa. Kulikuwa na modeli ya kwanza, ya kama mita moja, iliyokuwa ya Gene Roddenberry mwenyewe, mwanzilishi wa kipindi. Ilitoweka mwishoni mwa miaka ya 1970. Ikaja kuonekana 2023 ikiuzwa eBay. Mashabiki wakaitambua, na 2024 ikarudishwa kwa mwanawe.

Maoni yangu ni haya: kitu hakigeuki historia kwa sababu kilikuwa cha maana siku kilipotengenezwa. Kinageuka historia kwa sababu kuna mtu alikataa kitupwe. Wale mafundi wa Burbank walikuwa wanakimbizana na tarehe ya mwisho. Walioleta historia ni wale waliopiga picha, waliokariri rangi, waliosumbua makumbusho mpaka meli ikatoka kwa duka la zawadi.

Na inaniuma, kwa sababu mimi nilikuwa naunda matatu za boksi na waya, taa mpaka za tochi, grafiti nimechora na kalamu ya rangi. Nilikuwa na kama sita. Leo sina hata moja, na sina hata picha. Hakuna aliyenionea, nilizitupa mwenyewe siku nilipoamua nimekuwa mkubwa.

Kama wewe au mdogo wako anaunda kitu saa hii, hata kama kimeisha upande mmoja tu, piga picha. Andika tarehe nyuma. Halafu usikitupe.

Nani bado ana yake? Niwekee picha hapa chini.