Mama ntilie, mapanki na kitimoto: Majina ya mlo wa mtaani yalikotoka

Na Mwandishi Wetu

JINA 'mama ntilie' lilizaliwa penye sufuria. Mteja alinyoosha sahani na kusema "mama, nitilie", naye akatiliwa wali au ugali. Ombi hilo likageuka jina la mpishi mwenyewe.

Baadaye viongozi na vyombo vya habari walipendelea 'mama lishe', kwa kuwa jina la awali lilidaiwa kubeba dharau. Wanaume walipoingia katika kazi hiyo wakaitwa 'baba lishe'. Hata hivyo, wateja wengi hawajaliacha jina la zamani, na ni vigumu kuona tusi ndani yake: lilitoka kwa mwenye njaa, si ofisini.

Kharumwa, makao makuu ya Wilaya ya Nyang'hwale mkoani Geita, imo katika ukanda wa dhahabu, ambako mama lishe huwahudumia watu wa makabila mengi waliofuata machimbo. Mchimbaji mdogo aliyeishiwa hula kwa mali kauli, yaani kwa ahadi ya kulipa mawe yakitoa dhahabu. Duara lisipotoa kitu, hasara humwangukia pia mpishi, ambaye hana mgawo katika duara hilo.

Usukumani kuna pia majina ya chakula cha akiba. Michembe ni viazi vitamu vilivyokatwa na kuanikwa vikiwa vibichi. Matobolwa huchemshwa kwanza, kisha huanikwa.

Neno chungu zaidi Kanda ya Ziwa ni 'mapanki'. Ni kichwa na mifupa ya sangara, mabaki ya viwanda vinavyoondoa minofu na kuiuza nje, hasa Ulaya. Filamu ya Darwin's Nightmare ya Hubert Sauper, iliyotoka mwaka 2004, ilionyesha mabaki hayo yakiandaliwa kuliwa jijini Mwanza. Mwaka 2006 Rais wa wakati huo, Jakaya Kikwete, aliishutumu hadharani kwa kuichafua nchi, na mjadala ukawa iwapo mapanki ni chakula cha watu au cha mifugo. Anayejua bei ya minofu hahitaji filamu imweleze kwa nini kichwa cha sangara hupata mnunuzi.

Mijini utani ni mwepesi zaidi. Chipsi mayai huitwa 'zege', kwa jinsi viazi na mayai vinavyoshikana kama kokoto na saruji.

Nyama ya nguruwe ni 'kitimoto', na wengine huiita 'mbuzi katoliki'. Maelezo yanayosikika mara nyingi ni kwamba mlaji alikaa kama aliyekalia kiti cha moto, akihofia kuonwa. Hofu hiyo ilikuwa na sababu: mwaka 1993 bucha za nguruwe zilishambuliwa jijini Dar es Salaam. Siku hizi neno hilo huandikwa waziwazi kwenye mabango ya baa.